Anti wa Wahu

"Hivi huyo Mbugua wako ana majirani kweli?"

Rachael aliuliza swali hilo siku moja wakianika nguo uani kwao mtaani Satellite. Alikuwa na vibanio mdomoni, kwa hivyo Nakhumicha akajifanya hakusikia vizuri. Rachael akavitoa vibanio, akauliza tena polepole. Sisi majirani zako tunamjua, akasema. Tunajua anavyopiga hodi, tunajua anapenda chai ya tangawizi, hata kiatu chake tunakitambua kikiwa mlangoni. Sasa wewe, huko kwake Muthangari, ni nani anakujua?

Nakhumicha alicheka, akasema kila mtu ana majirani. Akainama kuchukua shuka nyingine, maneno yakaishia hapo. Lakini swali la namna hiyo ni kama mwiba wa samaki. Unameza tonge la ugali, unadhani umeshuka, kumbe umelala kooni unangoja siku utakapocheka.

Ukweli ni kwamba askari wa lango la Muthangari alimjua, ila alimjua kama fundi wa pazia. Ndivyo walivyokutana, yeye na Mbugua. Alikwenda kupima madirisha ya nyumba ya mjane mwenzake, mwanamume aliyebaki na binti mdogo na sebule yenye jua kali. Akazishona zile pazia, akazitundika kwa mikono yake, na alipokuwa juu ya ngazi Mbugua akamwambia kwamba nyumba imekuwa kama ina mtu tena. Tangu siku ile mapenzi yao yalitembea kila mahali isipokuwa kwenye nyumba ile. Walikula nyama Ngong, wakanywa chai Limuru, wakatazama twiga kule Lang'ata. Kila Mbugua akimtoa matembezini, alimpeleka mbali.

Ndiyo maana Mbugua alipompigia simu kumwambia kwamba Jumamosi kuna tamasha la Wajapani pale City Park, mchana kweupe, watu tele, na bintiye Wahu ataimba na wenzake wa shule, Nakhumicha aliliona kama jibu la maombi. Alikuwa amemwomba Mungu jambo moja tu, atolewe gizani. Alikuwa amekwisha kumwambia mama mchungaji habari za Mbugua. Alikuwa amemwandaa hata Bramwel, mwanawe, aliyekuwa akisoma kwa nyanyake Kimilili. Akirudi nyuma sasa, angemwambia nini mtoto?

Alivaa gauni lake la buluu la siku za Ushirika Mtakatifu, akapita mbele ya mlango wa Rachael makusudi.

"Naenda City Park," akasema. "Mbele ya watu."

"Haya," Rachael akajibu bila kuinua macho kwenye sufuria. "Uwasalimie majirani."

*

City Park siku ile ilikuwa imevaa karatasi. Samaki wa vitambaa walipepea juu ya miti, taa za karatasi nyekundu zilining'inia bila kuwashwa, na ngoma kubwa, pana kama pipa la maji, zilipigwa na vijana waliofunga vitambaa kichwani. Kima wa bustani walikaa juu ya matawi wakitazama vibanda vya chakula kwa subira ya wezi. Mmoja alishuka akanyakua donge la wali lililofungwa kwa majani ya baharini, akaonja, akalitupa. Watu wakacheka. Wahu akacheka mpaka akashika tumbo.

Wahu alikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele. Alimshika Nakhumicha mkono tangu langoni na hakuuachia. "Anti, angalia. Anti, njoo." Nakhumicha mwenyewe ndiye aliyemfundisha kumwita hivyo, siku ile mtoto alipoteleza akamwita mama. Alimwambia, mama yako yuko kwa Mungu, na cheo chake hakigawiwi. Mimi niite Anti. Alidhani amechagua neno la heshima.

Mbugua alikuwa na raha isiyo ya kawaida. Alimshika Nakhumicha kiunoni hadharani, akamnunulia feni ya karatasi, akamnong'oneza vichekesho.

"Hapa tuko huru," akasema. "Mtu wa kwetu hawezi kutoka Kinoo akuje kula wali baridi."

Nakhumicha alicheka pamoja naye. Kicheko kilipofika kooni kikagusa mwiba.

Kulikuwa na hema la kuvalishwa kimono. Msimamizi wake alikuwa mama wa Kijapani mwenye mvi, aliyejiita Mama Hisako. Alikuwa amekaa Kenya tangu ujana wake, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha Mbugua. Akamchagulia Nakhumicha kimono chepesi, cheupe chenye maua ya rangi ya zambarau, kivaliwe juu ya gauni. Nakhumicha, aliyezoea kujifunga leso, akakikunja mwenyewe: upande wa kushoto kwanza, kisha wa kulia ukaja juu.

Mama Hisako akatikisa kichwa, akamfungua kwa upole.

"Hapana, binti yangu. Kushoto ndio huwa juu. Kulia ikija juu ya kushoto, hiyo ni nguo ya maiti. Tunamvalisha mtu hivyo siku ya kumzika tu."

Nakhumicha na Mbugua wote wawili waliwahi kupeleka nguo za mtu mochari. Nakhumicha alikumbuka suti ya kahawia ya Sifuna, marehemu mumewe, na jinsi alivyoipiga pasi mara mbili. Kisha Mbugua akacheka.

"Mama, tafadhali, mfunge vizuri. Mimi nimeshazika mmoja."

Akaomba amfunge mshipi yeye mwenyewe. Mama Hisako akamwelekeza, na Mbugua akazungusha ule mshipi mpana, akasogea karibu mpaka pumzi yake ikatua shingoni mwa Nakhumicha. Vidole vyake vilichukua muda mrefu kuliko fundo lilivyohitaji. Nakhumicha alisimama wima, macho kwenye kijia cha maua nje ya hema, moyo ukimpiga kushinda ngoma.

"Pasaka," Mbugua akamwambia sikioni. "Pasaka nakupeleka kwa Mami. Nimeapa."

Akamwamini. Mtu akikusemea shingoni, utamwona uso saa ngapi?

*

Walikuwa wametoka hemani, wanatafuta mahali pazuri pa kupiga picha, Wahu alipopiga kelele ya furaha.

"Shosho!"

Mkono wa Mbugua ulitoka kiunoni mwa Nakhumicha kama mkono wa mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa.

Mama yake Mbugua alikuwa akija kwa kijia cha maua. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kilemba cheupe, sweta limefungwa vifungo vyote juani, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Wahu alipewa jina lake, kama desturi yao inavyotaka, na walifanana hata mwendo. Alimkumbatia mjukuu, akambusu paji la uso, kisha akamgeukia mwanawe.

"Wahu alinialika kwa simu," akasema. "Wewe hukunialika."

Mbugua akaeleza kwamba alidhani leo ni siku ya mkutano wa akina mama kanisani. Mama yake akasema mkutano ulikuwepo, lakini mjukuu haimbi Kijapani kila wiki. Akasema hayo huku macho yake yameshatoka kwa Mbugua, yanamsoma Nakhumicha kuanzia nywele, yakashuka kwenye kimono, yakatua kwenye viatu, yakapanda tena.

"Na huyu ni nani?"

Mtoto ndiye aliyejibu kwanza. "Ni Anti. Anti wangu."

Katika Nairobi neno hilo lina milango miwili. Mlango wa mbele ni wa dada ya baba, wa rafiki ya mama, wa mtu wa kuheshimiwa. Mlango wa nyuma ni wa msichana wa kazi, yule anayeosha vyombo na kumngoja mtoto basi la shule likija. Naye pia huitwa anti. Mtoto hajui tofauti. Mtu mzima anajua, na Mbugua alikuwa amesimama katikati ya milango hiyo miwili, funguo mkononi.

Nakhumicha alimtazama. Hakumkonyeza wala kumgusa. Alimtazama tu, kama mtu anayetazama jiko kuona kama limeshika moto.

"Ee, Mami," Mbugua akasema. "Ni anti wa Wahu. Ananisaidia na mtoto wikendi."

Petro aliota moto wa uani alipomkana Bwana. Mbugua aliota jua la City Park. Jogoo hakuwika. Ni ngoma tu zilizoendelea.

"Ah," mama yake akasema. "Vizuri. Unatoka wapi, Anti?"

"Kimilili, Mama."

"Watu wa huko wanajua kulisha mtoto. Na nani amekufunga huo mshipi? Umependeza."

"Ni wale mama wa hema," Mbugua akadakia.

Mama Mbugua akamtazama mwanawe kidogo, kisha akafungua mkoba, akatoa simu, akamnyooshea Nakhumicha. "Anti, hebu tupige picha, sisi watatu."

Nakhumicha akaipokea simu. Aliwapanga vizuri, akamwambia Wahu afunge mdomo kama hataki mapengo yaonekane, na Wahu akaufungua zaidi. Katika kioo kidogo cha simu aliwaona wote watatu, familia kamili. Mama alikuwa akitazama mbele. Mtoto alikuwa akitazama mbele. Mbugua alikuwa akitazama nyasi. Picha ilitoka nzuri, kwa maana Nakhumicha hakuwahi kufanya kazi mbovu, hata ya kumuumiza.

"Na Anti aingie," Wahu akasema.

"Baadaye," Mbugua akamjibu.

Mwalimu akaita watoto wa shule waende jukwaani. Mbugua akamshika Wahu mkono haraka, haraka ya mtu aliyepewa ruhusa ya kutoroka, akaondoka naye. Wanawake wawili wakabaki.

*

Mama Mbugua alikaa kwenye benchi, akapapasa nafasi ya kando yake. Nakhumicha akakaa. Kima mmoja alikuja akawapima, akaona hawana chakula, akaenda zake.

Mama akamuuliza kama ana mtoto. Nakhumicha akasema anaye mmoja, mvulana, na baba yake Mungu alimchukua. Mama akasema pole. Mzee wake naye alitangulia, na bado huwa anamwekea kikombe mezani bila kufikiria. Nakhumicha akasema ni kawaida.

"Unaosha vyombo vya nani, Anti?"

Nakhumicha alikunja feni yake ya karatasi. "Vyangu, Mama."

"Nilidhani hivyo." Mama Mbugua aliweka mkoba wake sawa mapajani. "Zile pazia za sebule, ni wewe ulizishona?"

"Ni mimi."

"Ni nzuri sana. Nilimuuliza ni nani fundi, na mimi anishonee. Akaniambia alizinunua mjini."

Maneno hayo yalimwingia Nakhumicha polepole, kama maji baridi yanavyoingia kiatuni. Kumbe hakukanwa leo. Alikanwa zamani, dirishani, kabla hata hajaanza kupendwa vizuri, na yeye usiku na mchana akiomba zile pazia zimkumbushe Mbugua juu yake.

"Nilikuwa pale kwenye maua," mama akaendelea. "Nilimwona akikufunga. Mwanamume hafungi anti mshipi namna ile. Wazee walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Huyu nimemsikia akikohoa mwaka mzima."

"Basi mbona ulimuuliza?"

"Nilitaka aseme."

"Angesema?"

"Ningekasirika." Mama Mbugua alisema hivyo bila kuona haya. "Sitakudanganya kwa sababu umenipiga picha nzuri. Mimi nilitaka msichana wa kwetu. Ningenuna. Ningekuja kwake na kukataa chai, tena mbele yako. Pengine ningekusumbua sana. Lakini hasira ya mama huwa inachoka, mtoto wangu. Siku moja ningekubali kikombe. Sasa nitakubalije kikombe cha mtu ambaye sijaletewa? Ameniletea anti."

Machozi yalimjia Nakhumicha hadi ukingoni mwa macho, akayazuia hapo, kwa kuwa kimono kilikuwa cha wenyewe.

"Amekuambia lini?" mama akauliza. "Krismasi?"

"Pasaka."

"Mama ya Wahu aliambiwa Krismasi." Mama Mbugua alitazama jukwaani, watoto wakipangwa, wafupi mbele. "Nilimjua yule msichana akiwa na tumbo limefika hapa. Aliletwa na tumbo, hakuletwa na Mbugua. Nikampenda, lakini kwa kuchelewa, na hakukaa. Hicho ndicho kinaniuma mpaka leo. Mimi nilizaa mtu mpole, nikamshukuru Mungu. Sikujua mpole na mwoga huwa wanafanana wakiwa wadogo."

Watoto wakaanza kuimba. Hakuna aliyeelewa neno hata moja, ila sauti zilikuwa safi, na Wahu, katikati ya mstari, aliinua mkono akawapungia. Aliwapungia wote wawili kwa pamoja. Mama Mbugua akapunga. Nakhumicha akapunga. Kisha akasimama, akasema, "Asante, Mama," akaenda hemani.

*

Mbugua alimkuta akifungua mshipi. Mama Hisako alikuwa pembeni akikunja nguo za wengine, na alipoona nyuso zao akageuka nusu, kama mtu mwenye adabu kwenye nyumba ndogo.

"Nakhu. Usikasirike. Hiyo ilikuwa neno tu. Na si mimi nilianza, Wahu ndiye alisema anti."

"Wahu alisema anti. Wewe ulisema ananisaidia."

"Ungetaka niseme nini, ghafla hivyo, katikati ya watu?"

"Jina langu."

Alilisema kwa sauti ndogo. Mbugua akapangusa uso kwa kiganja. Akaanza kueleza mambo mengi: mama ana presha, mama anahitaji kutayarishwa, hajui watu wa Kimilili, anasema mjane huja na kaburi lake, ukimwambia kwa haraka utaharibu, yeye anamjua mama yake. Alieleza vizuri. Mtu yeyote angemwamini, hasa kama hangekuwa ametoka kukaa benchi moja na mama huyo. Nakhumicha alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza wanaume wakieleza kwa nini pazia hazihitaji bitana.

"Zile pazia," akasema, "ulizinunua duka gani?"

Mbugua alifungua mdomo. Halafu akaelewa swali, na mdomo ukabaki vile.

Nje watu walikuwa wakipiga makofi. Wimbo ulikuwa umekwisha. Mbugua alisogea, akamshika mabega, macho yake yamejaa maji ya kweli, na hicho ndicho kilichokuwa kigumu zaidi, kwa sababu alimpenda. Nakhumicha aliliona pendo hilo waziwazi, limesimama mbele yake, halina miguu.

"Usivue," akamwomba. "Picha yetu bado. Nitamwambia Wahu atupige, wawili tu. Ngoja, nakufunga tena. Nimeshajua."

Akashika pande mbili za kimono, akazivuta kwa haraka kifuani mwa Nakhumicha. Akaanza na wa kushoto, akaulaza chini. Kisha akauleta wa kulia, akauweka juu, akaupapasa ulale vizuri.

Mama Hisako aliinua mkono kutaka kusema kitu, akatazama uso wa Nakhumicha, akaushusha.

Nakhumicha aliinamisha kichwa akajiona. Maua ya zambarau yalikuwa yamelala upande mwingine. Mbugua hakuona chochote. Alikuwa tayari ameokota mshipi, anatafuta ncha yake.

Akaiondoa mikono ya Mbugua kifuani, mmoja baada ya mwingine, bila nguvu. Akavua kile kimono, akakikunja pindo kwa pindo, mikono ndani, shingo juu, akampa Mama Hisako kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Akanyoosha gauni lake la buluu. Akachukua mkoba.

Kutoka hemani hadi langoni ilikuwa lazima apite mbele ya benchi. Mama Mbugua alikuwa pale, Wahu akimwonyesha kima. Alipomwona Nakhumicha anakuja, mama yule alisimama. Alisimama wima, na mkoba wake, kama anavyosimama mtu mgeni wa maana akipita, na hakukaa hata alipokwisha kupita.

Mbugua alitoka hemani mbio, mshipi bado mkononi. Alitaka kumwita. Akafungua mdomo kuita jina, akamwona mama yake amesimama, anamtazama, anangoja.

"Anti!" akaita. "Anti, ngoja!"

Wanawake kadhaa waligeuka, kila mmoja na mtoto wa mwajiri wake mkononi. Nakhumicha hakugeuka. Alipita chini ya samaki wa vitambaa, akapita vibanda vya wali, akashika njia ya lango.